Taa Iliyoungua Rafu ya Chini

Tangu Daktari augue, maabara ya mwani ilibaki na mtu mmoja tu: fundi wake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyejulikana kwa jina la Bi Chupa. Jina lilimganda kwa sababu alikuwa ameosha chupa za kioo humo kwa miaka kumi na tisa, naye hakuwahi kulikataa. Wenzake walishahamia jengo jipya ng'ambo ya barabara. Akifika asubuhi humsalimu nani? Huwasha mashine ya kutikisa chupa, ikaanza kunguruma, basi. Nyumbani nako mume alishatangulia mbele ya haki, na sufuria aliyopikia ilizidi kuwa ndogo mwaka hadi mwaka.

Kazi aliyoachiwa ilieleweka. Chupa kumi na mbili za mwani wa kijani, ule wa chembe mojamoja usioonekana bila hadubini, zilinyimwa naitrojeni. Sita rafu ya juu, sita rafu ya chini, kila rafu na taa zake mbili. Mwani ukikosa naitrojeni huanza kubomoa klorofili yake na viungo vyake vya kunasa mwanga, upate cha kujikimu. Hapo usanisinuru, ule ufundi wa kugeuza mwanga kuwa chakula, hudorora. Daktari alitaka kujua jambo moja: ukishinda na njaa wiki mbili kisha ukarudishiwa naitrojeni, unainuka au ndiyo umekwisha?

Kila siku Bi Chupa alichota maji kidogo kwenye kila chupa akayapima aone mwani unatumia sehemu gani ya mwanga unaoupata. Siku ya kwanza, sabini katika mia. Siku ya tisa, rafu ya juu ilikuwa imeshuka hadi ishirini, na maji yamekuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Aliandika yote kwenye daftari ambalo hakuna mwingine aliyelifungua.

Siku ya kumi na nne akatia naitrojeni. Siku tatu baadaye chupa za juu zilikuwa nyeupe, mwani umelala chini kama vumbi. Za chini zilikuwa kijani kibichi.

Aliinama akachungulia. Taa moja ya rafu ya chini ilikuwa imeungua, ncha zake nyeusi tii.

Kila siku alikuwa ameweka tiki penye neno "taa" daftarini bila kuinua macho. Akachukua taa mpya kabatini, akapiga magoti mbele ya rafu. Nani angejua? Alikaa pale chini mpaka mkono ukamuuma, kisha akainuka na taa yake mkononi.

Kesho yake akaenda kwa Daktari. Mlango ulifunguliwa na dada mkubwa wa Daktari, aliyekuja kumuuguza. Daktari alikuwa kitandani, amekonda, macho bado makali.

"Daktari, nimeharibu kazi."

"Umevunja nini?"

"Bora ningevunja. Taa ya chini iliungua, sijui lini. Nilikuwa naweka tiki tu."

"Miaka yote hii, Bi Chupa?"

"Nisamehe."

"Za chini zimefika ngapi?"

"Sitini na tatu. Za juu zimekufa zote."

Daktari akajivuta juu ya mto. "Hebu rudia hiyo." Aliporudia, mgonjwa akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwani wenye njaa hauna pa kuupeleka mwanga wote ule. Usipotumika unauunguza. Sisi tukidhani njaa ndiyo inayoua, kumbe huenda ni mwanga! Rudia jaribio mara mbili. Safari hii zima taa moja kwa makusudi. Na taa zikaguliwe kwa macho, si kwa kalamu."

Mara ya pili matokeo yakawa yaleyale. Alipiga simu, dada mtu akamwambia mgonjwa amelala, atamwambia akiamka. Mara ya tatu ilikuwa imefika siku ya nane Daktari alipofariki. Kesho yake Bi Chupa alizika asubuhi, mchana akarudi maabara na kanga ya msibani begani, maana vipimo vya siku ya tisa vilikuwa havijachukuliwa.

Jaribio la tatu lilipokwisha, matokeo yaleyale, akavuka barabara na daftari. Mkuu wa jengo jipya alisoma hadi ukurasa wa ile taa, akainua uso.

"Hii kuhusu tiki, niiache hivi?"

"Iache. Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi majina kwenye makala yatakuwa mawili. La Daktari na lako. Lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini."

Bi Chupa alitoka nje akasimama kwenye jua, hajui amwambie nani. Mwisho akapiga namba ya Daktari. Alipokea dada mtu. Alikuwa bado akifungasha vitu vya marehemu.

"Kazi yake imekamilika," Bi Chupa alisema. "Imekubaliwa."

Dada mtu akasema, "Mwenzangu, miaka yote sikuelewa alikuwa anafanya nini na hayo maji. Una nafasi? Njoo unieleze. Polepole, lakini, mimi shule iliniacha njiani."

Bi Chupa alitazama saa. Hakuna aliyekuwa akimngoja popote.

"Nakuja," alisema, akaanza kutembea.