Maji ya Mradi

Gari la mwisho la wageni waliokuja kuzima kipindupindu lilikuwa limeshavuka geti la zahanati pale maji yalipotoka bombani, yakajinyoosha, yakaanza kulifuata. Yalikuwa na kimo cha mbuzi na yalikwenda taratibu, bila kulowesha vumbi. Mlinzi aliyashikia geti, maana ndiyo kazi yake.

"Na hayo nayo yanaondoka?" mkunga aliuliza kutoka dirishani.

"Yanaondoka, mama. Tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Akiondoka je, hawakusema."

Mkunga hakucheka. Nyuma yake, kwenye kitanda cha kuzalishia, alilala binti yake mwenyewe, kashikwa na uchungu tangu alfajiri, mimba ya kwanza. Ndoo zilikuwa kavu. Kisima cha zamani wageni walikiziba kwa saruji, kwa kuwa ndicho kilicholeta kipindupindu. Bomba jipya walilivuta hadi kwenye mahema yao. La wodi ya wazazi lilikuwa la awamu ya pili.

Mkunga akamwomba dada yake amwangalie mgonjwa, akavaa kandambili ayafuate maji.

"Mama, usichelewe," binti alisema.

"Nimesharudi," alijibu mkunga, na mlangoni hajatoka.

Maji aliyakuta mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, ambako wageni walikuwa na mkutano wa mafunzo waliyoyapata. Yalikuwa yamejigawa kwenye chupa, yamekaa mezani mbele ya kila mjumbe. Mkunga alivalishwa kitambulisho shingoni, akapewa kiti cha nyuma. Mkuu wa wageni alikuwa akisoma funzo la kwanza: wenyeji washirikishwe mapema. Watu walipiga makofi. Maji yalitikisika kidogo.

Mkunga akaiinamia chupa ya jirani. "Twendeni nyumbani," alinong'ona. "Nina mzazi."

"Tungependa, mama," maji yalijibu kwa adabu. "Ila sisi ni wa mradi, na mradi umefungwa."

"Na anayezaa leo?"

"Kuzaa si mlipuko wa ugonjwa."

"Hamna haya nyie? Ndoo nimewabebea mimi, wagonjwa wenu nimewanywesha mimi!"

"Tunakukumbuka vizuri sana," yalisema maji. Hayakuondoka.

Alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akasema anataka maji ya kuzalishia, sasa hivi, binti yake yuko kitandani. Mkuu alimshukuru kwa moyo wote. Alisema hilo ndilo funzo lenyewe, na likaingizwa liwe la saba. Kisha akamkabidhi chupa moja, ya kunywa njiani.

Mkunga hakuinywa. Alikimbia nayo kifuani, kandambili moja akaiacha barabarani. Alipoingia wodini kichwa cha mtoto kilikuwa kinatokeza. Maji ya chupa yalitosha kunawa mkono mmoja vizuri, na wa pili hivyo hivyo tu. Mtoto alilia kwa nguvu. Wa kike.

Binti alipata homa ya uzazi, akafariki kabla kitovu cha mtoto hakijakauka. Homa ya mtu mmoja haihesabiwi kuwa dharura, kwa hiyo hakuna gari lililokuja. Mtoto analelewa na dada wa mkunga, naye ameota meno. Mlinzi yupo getini. Mkuu wa wageni alipanda cheo, na yale mafunzo yalichapwa kwenye karatasi nzuri inayong'aa. Watu walianza kuteka mtoni, na mvua zilipoanza kipindupindu kikarudi.

Maji yalikuja mbele ya msafara wa wageni, yamechangamka. Mlinzi akayafungulia. Yalipomwona mkunga yalisimama kumsalimu, yakamwuliza binti anaendeleaje.

Akayaambia.

"Pole sana, mama," yalisema maji, yakapita kwenda mahemani.