Mama wa Kodi ya Nyumba

Mama Pasi, kama walivyomwita wateja wa dobi alikokuwa akipiga pasi, alikuwa na sheria moja nyumbani na mumewe fundi baiskeli. Kila Jumamosi, chakula cha wiki kikishanunuliwa na ada za watoto zikishatengwa, bei ya soda mbili inaenda kwenye tiketi ya kubashiri mpira. Ikiliwa, imeliwa. Mume aliiita pesa ya kicheko, maana mchana kutwa wangekaa kibarazani na redio wakizomea makipa wasiowajua hata sura. Miaka mitatu waliliwa, wakacheka, yakaisha.

Jumamosi moja mechi tisa za tiketi yao zikakubali zote.

Jumatatu Mama Pasi akaenda ofisi ya kampuni kuchukua chake. Akapokewa na kijana wa matangazo aliyejimwagia marashi mpaka pua zinawasha, kila akifungua mdomo ni "mamangu". Akamvisha fulana ya kampuni, kwapani bado mbichi kwa jasho la aliyepigwa picha kabla yake, akamshikisha hundi ya boksi pana kama mlango.

"Sifuri zimezidi mbili hapa," Mama Pasi alisema.

"Za picha tu, mamangu. Haya, waambie watu uliweka nini."

"Bei ya soda mbili."

Kijana akashusha kamera. "Soda haiuzi. Sema uliweka kodi ya nyumba. Mumeo akakataa, wewe ukajipa moyo."

"Mume wangu hakukataa kitu. Na kodi sisi hatuichezei."

"Basi malipo yasubiri uhakiki. Wiki sita, nane, sijui."

Mama Pasi akalifikiria paa linalovujia kitanda cha watoto. Akasema aliweka kodi. Alisema mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza hakutabasamu vya kutosha. Ukutani nyuma yake palibandikwa "Cheza kistaarabu". Kijana akamwomba asogee kushoto, ayazibe maneno yale.

Jioni mume aliitazama ile video kwenye simu mpaka mwisho. "Kumbe mimi ndiye niliyekataa," alisema, akarudi kwenye baiskeli zake.

Wiki mbili baadaye wifi yake, dada wa mume, anayeshona mashuka ya hospitali, akaingia pale kwa dobi, uso umemshuka.

"Wifi, nilikuona kwenye simu. Nikasema, kama wifi yangu na akili zake zile kaweka kodi, mimi nani? Nikaweka yote. Ikaliwa yote." Akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Wewe ulichaguaje zile timu? Mwenye nyumba kasema mwisho leo."

Mama Pasi akaiweka pasi kando. Yale marashi yakamrudia kooni kana kwamba kijana kasimama pale. Akakimbilia uani, akatapika mpaka machozi yakamtoka, na hakujua kinachomtapisha ni yule kijana au sauti yake mwenyewe, jinsi ilivyotamka uongo kwa utamu.

Aliporudi akasema, "Sikuweka kodi, wifi. Nilidanganya ili wanilipe."

Wifi akaketi juu ya furushi la nguo. "Na mimi nimekusifia kazini. Wenzangu wawili wameshaweka kodi zao."

Wakaongozana kwa mwenye nyumba wa wifi, Mama Pasi akailipa kodi kwa pesa ya ushindi aliyoiwekea paa. Mzee alikuwa anakula. Alihesabu noti kwa vidole vyenye mafuta, akivilamba kila baada ya noti mbili. Alipoinua macho, akaruka.

"Aa! Si wewe yule mama wa kodi? Kaa, kaa! Nipe timu tatu za Jumamosi. Wapangaji wangu wote habari ni wewe tu."

"Yule mama ni mwongo," Mama Pasi alisema.

Mzee akamkonyeza. "Haya, ficha. Washindi ndivyo mlivyo." Akamnyooshea mkono. "Basi nishike tu, bahati iniambukize."

Mkono ulimeremeta mafuta, kipande cha noti kikichungulia kati ya vidole. Mama Pasi akautazama kama aliyefunua unga akakuta panya. Akageuka, akatoka bila kuaga.

Barabarani wifi alimkimbilia. "Sasa mbona unapita huku? Kwenu si kule?"

"Twende kazini kwenu," alisema, akijifuta viganja kwenye gauni ingawa hakuwa ameshika kitu. "Ukanionyeshe hao wawili."