Mguu wa Tatu wa Plagi

Shemeji yangu Delmar alikuwa na plaizi aliyoipenda kuliko watu. Kila chombo kipya kilichoingia nyumbani kwake kilikatwa mguu kabla ya kuwashwa. Nyumba zetu huku Minnesota zilijengwa na babu zetu waliochimba chuma, na soketi zake zina matundu mawili tu. Plagi za siku hizi zina miguu mitatu, na ule wa tatu, wa duara, ndio wa ethi: umeme ukivuja, hupita hapo kwenda ardhini badala ya kumpitia mtu. Kuvuta waya wa ethi ni kupasua kuta. Kukata mguu ni kazi ya kufumba na kufumbua, na wanaume wa huku huionea fahari.

Friza ya nyama ya kulungu, kule chumba cha chini ya nyumba, nayo ilikatwa mguu.

"Delmar, ile friza inaniuma," dada yangu Arlys alimwambia mumewe siku moja, tukinywa kahawa.

"Kwani ina meno?"

"Nikiigusa, mkono unakufa ganzi. Sitanii."

"Uzee huo, mama. Vaa raba."

Nikadakia, "Shemeji, mwite fundi umeme. Hiyo friza itaua mtu."

"Jeanette, babu kaishi humu, baba kaishi humu. Nani kafa na umeme?"

Arlys akacheka. Tangu siku hiyo akawa anashuka na raba, na friza akiifungua kwa kitambaa. Nilimchukia kwa kucheka kule.

Theluji ilipoyeyuka, maji yakaingia chumba cha chini, kama kila mwaka. Arlys alishuka kuchukua nyama ya Jumapili. Maji yalizidi kimo cha raba zake. Delmar alisikia kishindo, akakimbia kuzima umeme, lakini alimkuta ameshakwisha.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Uongo mtupu. Sikio lisilosikia lilikuwa la Delmar, na aliyekufa ni dada yangu.

Baada ya mazishi majirani walileta vyakula, mabakuli ya tambi na kuku wa kuoka, mpaka friji ya jikoni ikakataa kufungika. Delmar akanigeukia, macho mekundu.

"Jeanette, haya mengine kayaweke kwenye friza, kule chini. Nimeshakausha sakafu. Haina neno."

Nikachukua bakuli moja nikamtia mikononi.

"Peleka wewe."

Alifungua mlango, akasimama juu ya ngazi. Mungu anisamehe, nilitaka ashuke. Nilimwona akiutanguliza mguu, kisha akaurudisha.

"Siwezi," akasema.

"Arlys alikuwa anashuka kila siku," nikamwambia.