Nguzo ya Sitini na Tatu

Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri, Fundi Spika alikuwa amekaa katika kibanda cha zamani cha tiketi, kikombe chake cha chai amekifunika kwa sahani ili nzi wasimtangulie, nguzo ya kumi na nne ilipokohoa na kuanza kuongea. Ilisema kwa sauti ya mwanamke, "Funga kioo, mbu wanaingia." Sauti ya mwanamume ikajibu kwamba kioo kikifungwa spika itaanguka. Wakabishana kidogo, wakacheka, nguzo ikanyamaza. Fundi akafunua chai, akakuta nzi wawili wameshatangulia, akaimwaga.

Zamani uwanja ule ulikuwa sinema ya magari. Watu waliingia jua likizama, wakapanga magari yao juu ya matuta yaliyoinua pua za magari kidogo, kila mmoja akachukua spika kwenye nguzo na kuitundika dirishani, wakatazama picha kwenye ukuta mweupe mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Nguzo zilikuwa mia na ishirini, na hapakuwa na spika ambayo haikuwahi kupita mikononi mwa Fundi, maana kila wiki hakukosekana mtu wa kuondoka na spika dirishani akaing'oa na waya wake. Watoto walilala viti vya nyuma. Wachumba walichagua safu ya mwisho, na kesho yake hawakuweza kukueleza picha ilihusu nini. Halafu zikaja video, halafu kila sebule ikawa sinema, magari yakapungua hadi manane, hadi matatu, hadi siku lilipoingia gari moja tu, na dereva wake alikuwa amepotea njia.

Sasa ulikuwa jalala. Malori ya Tajiri, mwenye uwanja, yalimwaga hapo matumbo ya machinjioni, nepi na magodoro yaliyooza, na maji meusi yalituama katikati ya matuta kama mchuzi uliochacha. Ukuta ulikuwa na rangi ya meno yasiyojua mswaki. Fundi ndiye aliyekuwa akiyafungulia geti. Alijifunza kula kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa puani.

Jumatano ziliongea nguzo kumi, Alhamisi arobaini. Kwa waliouliza, Fundi alieleza kwamba spika na maikrofoni ni mtu na pacha wake. Kinachotoa sauti kinaweza pia kuisikia.

"Zilikuwa zinasikiliza miaka yote," alisema. "Zimeshiba. Sasa zinacheua."

Watu wakaja, vitambaa puani, kujitafuta wenyewe. Mshonaji mmoja alimsikia marehemu baba yake akimposa mama yake na kukataliwa mara mbili. Mwalimu mstaafu aliisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mwanamke fulani kwamba hajaoa. Mkewe, aliyekuwa amesimama naye bega kwa bega, akasema, "Ile siku ulisema umekwenda kusahihisha mitihani," kisha wakaendelea hadi nguzo iliyofuata.

Fundi hakuwa na raha. Nguzo ya sitini na tatu ilikuwa bado kimya. Alhamisi jioni aliifuata na koleo akakate waya, akakuta waya ulikwisha kuibwa na wauza vyuma chakavu miaka mingi nyuma. Hata tumbo la spika lilikuwa tupu, ndege amejenga humo. Akashindilia tambara, akaondoka.

Miaka kumi na minne iliyopita chumba cha projekta kiliungua, na sinema ikafa nacho. Mwendesha projekta alikuwa shemeji yake Fundi, mume wa dada yake mkubwa. Alishtakiwa kwamba alivuta sigara karibu na filamu. Alikana. Shahidi mkuu alikuwa Fundi, aliyesema mahakamani kwamba usiku ule alinusa sigara. Shemeji alifungwa miaka tisa, akatoka na kikohozi, akaishi miwili, akafa. Dada hakumlaumu mdogo wake. Mtu aliyeulizwa alichonusa, angesema nini?

Ijumaa dada akaja na mkeka wake. Alikuwa amesikia kwamba nguzo zinatoa sauti za watu, na alitaka sauti moja tu. Alipita safu ya kwanza, akapita ya pili. Alipofika ya tatu akatandika mkeka akaketi, Fundi nyuma yake, na nguzo ya sitini na tatu ikaanza.

"Ingia garini, Fundi. Funga mlango," ilisema kwa sauti ya Tajiri. Tambara liliilainisha sauti lakini halikuizuia. "Hati ya ardhi inasema huu ni uwanja wa sinema mradi sinema ipo. Isipokuwepo, naufanyia nitakalo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Chumba cha projekta kitaungua Jumapili. Wewe utasema ulinusa sigara."

"Shemeji yangu havuti, mzee."

"Sikukuuliza yeye anavuta nini. Nakuambia wewe umenusa nini. Ukinusa vizuri, kazi yako hapa haiguswi."

Ukasikika muziki wa picha na mtu anayekimbia. Kisha Fundi wa wakati ule akasema, "Nilinusa sigara."

"Kwa nguvu. Hakimu ana masikio mazito."

"Nilinusa sigara!"

Alifanyishwa mazoezi mara nne, na nguzo haikuruka hata moja.

Dada alimgeukia. "Ulinusa?"

"Sikunusa, dada."

Alikunja mkeka polepole. "Alipotoka jela nilikuwa nanusa mashati yake kila jioni. Namwambia, mume wangu, kiri tu, nitakusamehe. Anakaa kimya. Mwezi aliokufa akakiri. Akasema, ndiyo, nilivuta, sasa lala." Akasimama. "Na mimi nikalala, mdogo wangu. Nikalala usingizi mzuri."

Jumatatu Fundi alikwenda mahakamani. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akafuta kalamu yake.

"Nguzo haili kiapo," alisema.

"Basi niapishe mimi."

"Wewe ulishaapa. Ukiapa tena kinyume, mahakama itamwamini nani kati yenu?"

Fundi akarudi uwanjani.

Jumanne akaja Tajiri mwenyewe. Watu walimpisha, vijana wakamwamkia shikamoo. Alisikiliza akiwa ndani ya gari, kioo amekishusha nusu, leso iliyonyunyiziwa manukato puani. Nguzo ilipomaliza aliomba watu wanyamaze aisikie tena.

"Kumbe nilikuwa na sauti nene hivi," alisema. "Uzee mbaya."

Watu wakacheka. Mmoja akamwambia bado iko nene, mzee. Tajiri alikuwa akimtazama Fundi, na Fundi akaenda kumfungulia geti. Kesho yake lori lilipewa amri ya kumwaga pale pale, na nguzo ikazama ndani ya matumbo hadi shingoni, kisha kabisa. Iliendelea kuongea chini yake. Waliolalamika walilalamika kwamba inawazuia kusikia za jirani.

Dada alipata alichokitaka kwenye nguzo ya nane. Kila alasiri marehemu mumewe alijaribu mitambo hapo: "Moja, mbili, tatu. Mnanisikia huko nyuma?" Alisema hayo tu, na mara nyingine alipiga chafya. Dada alitandika mkeka, akaketi, akawa akimjibu, "Tunakusikia, baba."

Fundi hakuthubutu kumkaribia kwa wiki nzima. Wiki ya pili alimpelekea kiti. Dada alikisogeza kando bila kukitazama, akabaki mkekani. Fundi alisimama nyuma yake. Nguzo ikahesabu. Dada akajibu. Alikuwa hajasema na mdogo wake hata salamu tangu ile Ijumaa.

"Usisimame upande wa upepo," alisema hatimaye. "Unanuka."

Fundi akahamia upande wa pili.