Midomo Juu ya Maji

"Watumishi wote wa kituo wanaarifiwa kwamba kuanzia leo vikombe vyenye mistari ya buluu ni vya ofisi ya utawala, na vile vyeupe ni vya watumishi wengine. Kikao cha ufafanuzi kitafanyika ukumbini saa saba mchana. Kuhudhuria ni lazima."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni na katibu wa kituo cha kuzalisha mbegu ya samaki, mtu aliyeamini kwamba ustaarabu ulianza pale chombo cha kwanza kilipopata mwenyewe. Mtunza mbegu alilisoma, akasonya. Saa saba ndiyo saa ambayo jua hulichoma tangi lake kana kwamba lina kisasi nalo.

Ndani ya tangi hilo walikuwamo samaki wazazi wa aina ya sato. Kizazi baada ya kizazi, mtunza mbegu alikuwa akiyapandisha maji joto kidogo kidogo, akiwazika walioshindwa na kuwazalisha walionusurika, ili siku moja wafugaji ambao mabwawa yao yalikuwa yakigeuka supu wapate vifaranga wenye kustahimili. Kazi hiyo ilikuwa imemla ujana, pamoja na mume mmoja mwenye subira ya kawaida. Vituo vingine havikuwa na mbegu hiyo. Kituo chake hakikujua kwamba kinayo.

"Baba," alimwambia mzee aliyeketi kando ya tangi, "naitwa kikaoni. Niangalizie pampu ya hewa. Ikinyamaza tu, nipigie kelele."

"Kikao cha nini?"

"Vikombe."

"Vimevunjika?"

"Vingevunjika tungepona."

Baba yake alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya bweni, na tangu ahamie kwa binti yake pale kituoni, vijana wa mabwawani walimwita Mzee Sufuria. Hakuchukia, aliona ni cheo. Sasa aliinama akayatazama maji.

"Na hawa, mama, leo tena hawali?"

"Hawali."

"Jana hawakula."

"Ndivyo tunavyofanya kukiwa na joto."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa fupi. Maji ya moto hubeba hewa haba, na samaki aliyeshiba huhitaji hewa nyingi zaidi ili kukisaga alichokula. Kwa hiyo siku za joto njaa ndiyo dawa yake. Kulitamka kusingemchukua muda wa kufunga kamba za viatu. Lakini alikuwa amechelewa, tena amechoka, na iko namna ya uchovu ambayo watu huwawekea akiba wazazi wao peke yao.

"Hizo kazi za watu, baba. Tuachie wenyewe."

Mzee akasogea karibu na pampu.

Kikao kilichukua muda kuliko vikombe vilivyostahili. "Na mwenye kikombe cha njano?" dereva aliuliza, kwa uso mkavu. "Huyo," katibu alijibu, kwa uso mkavu zaidi, "ataandika maombi."

Mtunza mbegu aliporudi, pampu ilikuwa ikinguruma kwa uaminifu. Baba yake alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyemaliza zamu vizuri. Miguuni pake ndoo ya chakula cha samaki ilikuwa tupu.

"Walikuja juu wote, mama, midomo wazi! Mimi nimesimama mbele ya midomo maisha yangu yote. Mtoto anayedeka namjua, na mwenye njaa namjua. Nikasema liwalo na liwe, nigombezwe wakiwa wameshiba."

Samaki anayetoa mdomo juu ya maji ya moto haombi chakula. Anatafuta pumzi.

Mtunza mbegu alifungulia maji baridi, akawasha pampu ya akiba, kisha akaingia tangini na nguo zake, akawa anayapiga maji kwa mikono ili yavute hewa. Baba yake alivua viatu akamfuata, naye akayapiga kwa nguvu zote. Hakuuliza sababu, alikwisha fundishwa kutouliza.

Kufikia jioni matumbo meupe yalikuwa yamefunika maji. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Haya hayakungoja ukoo ukue.

"Joto gani hili," mzee alisema, huku akikamua suruali yake. "Angalau wamekufa wameshiba."

Mtunza mbegu alimwokotea viatu vyake.

"Ndiyo, baba. Angalau."

Kamati ya uchunguzi iliketi wiki iliyofuata. Mwenyekiti, baada ya kusifu chai, alimuuliza mtunza mbegu swali moja la maana, pengine kwa bahati mbaya: "Siku hiyo walilishwa?"

Jibu la kweli lingewafaa wafugaji wote ambao mchana huo huo walikuwa wakiimwagia midomo iliyo wazi chakula kwa huruma. Pia lingefika nyumbani kabla yake, likamkuta mzee jikoni akiinjika sufuria ya chakula cha jioni, na kumweleza ni nani aliyewaua.

"Hawakulishwa," alisema. "Ni joto."

Alijua alichokitia sahihi. Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa amethibitisha kwamba mbegu ya joto, ikiwa imefunga kula na pampu inatia hewa, haistahimili joto. Wachache waliosalia tangini wasingeombwa tena na mtu yeyote.

Kamati, baada ya kujiridhisha kwamba chanzo cha vifo ni joto la mchana, iliamua kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa joto la maji katika matangi yote lipimwe alfajiri.