Kijana Mwenye Adabu Kutoka China

Gaudensia ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa alizeti pale Masakta, na walimchagua kwa sababu moja tu: anajua kuishi na watu. Kwa hiyo kikundi kilipoamua kuagiza mashine ya kukamua mafuta kutoka China, simu alishika yeye.

Kabla hajaanza, Sada alimkalisha dukani kwake Katesh. Sada huagiza vyombo vya jikoni huko huko China na ameshawahi kulizwa, kwa hiyo hana maneno matamu.

"Dada, kwanza lipa sehemu tu, kwenye akaunti yenye jina la kiwanda. Inayobaki usitume mpaka mkaguzi aone mashine imewashwa na imepakiwa. Na wakikwambia akaunti imebadilika, piga video kwa namba ile ya mwanzo, muonane sura. Hata kama mtu anakulilia."

Gaudensia alielewa vizuri kabisa. Malipo ya awali yakaenda bila shida. Shida ilikuwa Lin, binti wa kiwandani. Yule binti salamu haijui! Anaanza moja kwa moja na maswali: umeme wenu ukoje, mkaguzi wenu ni nani, nijibu leo. Gaudensia, mtu mzima mwenye wajukuu, akawa anauacha ujumbe wake bila kuufungua ili ajifunze adabu.

Ndipo akajitokeza kijana kwa namba nyingine, akisema naye ni wa kiwanda kile kile na mzigo wao sasa uko mikononi mwake. "Shikamoo mama," aliandika, kwa Kiswahili kile cha kutafsiriwa na simu. Mashine aliijua mpaka uzito wake. Alipoambiwa kwamba mzee Yohanes, mume wa Gaudensia, anaumwa mguu, kila asubuhi akawa anamuulizia. Gaudensia alitembea na ile simu kanisani akiwaonyesha wenzake: tazameni mtoto wa watu alivyolelewa.

Siku moja kijana akaandika kwamba akaunti ya kiwanda iko kwenye ukaguzi wa kodi, mama atume fedha yote iliyobaki kwenye akaunti nyingine. Ilikuwa na jina la mtu, si la kiwanda. Maneno ya Sada yalimjia Gaudensia yote, hakuna hata moja lililopotea. Lakini angeanzaje? Mtu umemwitikia marahaba asubuhi, ameshakuwa mwanao. Sasa mchana umwambie akuonyeshe uso wake, uhakikishe kama si mwizi? Aliona aibu kumwaibisha. Akaenda benki akatuma.

Kijana akanyamaza. Namba yake ikawa haipatikani tena, na Gaudensia akampigia Lin. Binti alitokea kwenye kioo cha simu akiwa amesimama kando ya mashine yao, kisha akaandika: "Huyo hatumjui. Kuna mtu aliingia kwenye barua pepe zetu. Nilikuonya usitume kwenye akaunti nyingine. Hukufungua."

Hata siku hiyo hakusalimia. Gaudensia alitamani ardhi ipasuke.

Jumapili baada ya misa, wanakikundi walikusanyika kwenye banda walilojenga kwa ajili ya mashine. Joakimu alikuwa ameuza ng'ombe wake wa kulimia ili kutimiza mchango wake. Bibi Paskalina, mkubwa kuliko wote, aliuza ng'ombe wake wa maziwa.

"Mwenyekiti, imefika wapi?" aliuliza Joakimu.

Gaudensia alikuwa amekuja kusema ukweli, na ameukariri njia nzima. "Iko baharini," akajibu.

Banda zima likapiga makofi. Mtu mmoja akasema tulijua, kwa mama huyu hakuharibiki kitu. Gaudensia aliona haya mpaka masikio yakawaka, na bado akatabasamu.

Bibi Paskalina akainuka akiegemea fimbo yake. "Tuombe," alisema, na wote wakafumba macho. "Bwana, itulize bahari, meli yetu ipite salama. Umbariki mwenyekiti wetu kwa uaminifu wake. Na yule kijana wa China, Bwana, anayemsalimia mama yetu kila siku, umlinde, umpe maisha marefu…"

"Bibi, acha!" Sauti ilimtoka Gaudensia kabla hajaizuia. "Usimwombee huyo. Hakuna meli. Fedha nimempa mwizi, na Sada alinikataza."

Wote waliendelea kufumba macho, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtazama.