Kisiwa Kisicho na Shemeji

Agosti 2021 sisi wa Bankstown, Sydney, kwa sababu ya korona tulikuwa haturuhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka mlangoni. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya paa utadhani tumeficha virusi chooni. Ndipo nikaamua kutafuta pa kulala Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani, upande wa pili wa dunia.

Sababu ninayo. Fungate yangu ya mwaka 2002 tuliifanyia Lushoto: mimi, mume wangu Urbanus, na watu tisa, kwa kuwa koasta ya harusi ilikodiwa siku tatu na kamati ikaona dhambi irudi tupu. Shangazi yake alilala katikati yetu, eti baridi. Tangu hapo nimehamia Sydney, nimeogesha wazee wa watu, nimetapikiwa, nimeng'atwa na meno ya bandia, na sijawahi kulala hotelini na mume wangu tukiwa wawili. Mwakani tunatimiza miaka ishirini. Nilitaka wiki moja, kitanda kimoja, mlango wenye komeo, na kisiwa ambacho hatuna shemeji hata mmoja.

Nikapata kijumba kilimani, chumba kimoja, bafu la wazi linalotazama bahari. Nikamwonyesha Urbanus. Yeye anaendesha lori la makontena pale Port Botany. Ukimwambia bafu la wazi, anauliza mvua ikinyesha itakuwaje.

"Pazuri," akasema. "Ngoja niwaulize wenzangu."

Niliporudi kutoka zamu, wenzake walishakuwa kamati. Kundi la WhatsApp, watu kumi na mmoja, mwenyekiti Nehemia wa Penrith, katibu Vicky. Mtanzania akikohoa mara mbili anaundiwa kamati.

Jumapili tukakutana kwenye Zoom. Nehemia alivaa koti la suti juu, bukta chini. Tuliiona aliposimama kufunga dirisha.

"Shemeji Dorothea," akaanza, "tumekipitia kijumba chako. Hakina jiko. Mtakula nini, upepo?"

"Kuna mikahawa."

"Wiki nzima bila ugali? Urbanus huyu huyu?" Vicky akadakia. "Na bafu halina ukuta, dada. Heshima jamani!"

"Nani ataniona, samaki?"

Jerusha, nesi Mkenya ninayefanya naye kazi, aliyeingizwa humo na sijui nani, akawasha kamera. "Doro, tulia bana. Tumepata keja poa huko huko kisiwani, vyumba sita, iko na jiko, iko na mahali pa kuchomea nyama. Mimi nitachoma."

"Utachoma ukiwa wapi?"

Akazima kamera. Hapo nikaelewa. Watu walishagawana vyumba.

"Sasa, shemeji," Nehemia akasema kwa sauti ya msibani, "tuwaache mwende peke yenu, mkiugua je? Nyie mtapewa chumba kikubwa. Kina godoro la ziada, endapo."

"Endapo nini?"

"Endapo mama yake Urbanus atapata viza."

Nikazima kipaza sauti, nikamgeukia Urbanus, aliyekuwa kando yangu akimenya chungwa kama anategua bomu.

"Baba, chagua leo. Vyumba sita au kimoja. Mimi kilimani nitakwenda, hata peke yangu."

Akafuta mikono, akachukua simu, akafungua ile ramani ya kuchora duara la kilomita tano tuliyoitumia mji mzima kujua tunaruhusiwa kununua maziwa wapi. Akaweka alama kwenye nyumba ya kamati, kisha kwenye kijumba changu. Akakunja uso. Nikajua anapima namna ya kushinda mchana kwa Jerusha kwenye nyama, na kuja kwangu kulala tu.

"Kilomita nne na nusu," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapafai. Nehemia atafika kwa miguu kabla ya chai." Akaisogeza ramani, akavuka milima, akatokea pwani ya upande mwingine. "Hapa je? Chumba kimoja. Bafu lina ukuta, utanisamehe."

Kwenye kompyuta mwenyekiti alikuwa akiuliza kama maharusi wana neno. Urbanus akawasha kipaza sauti.

"Tunaishukuru sana kamati," akasema. "Hiyo nyumba ya vyumba sita ni nzuri mno. Ichukueni."

Akaifunga kompyuta Nehemia akiwa kinywa wazi, akanipa nusu ya chungwa.